Ala ya Kisu cha Rispa

Vijana wangu, nyinyi mnaoshuka na hii barabara ya kiwanda kila jioni na kununua sukuma wiki iliyokatwa hapa getini kwetu, mmeniuliza mara nyingi kile kitu cha mbao kinachoning'inia kwenye mguu wa meza ni nini. Mmoja alisema ni mfuko wa simu. Mwingine, ambaye simtaji kwa sababu mama yake ni rafiki yetu, aliapa kwamba ni dawa ya kufukuza wezi. Haya, ketini. Leo nitawaambia, na sitaficha hata pale nilipokuwa mjinga, kwa sababu kazi ya mikono haifunzwi kwa kusimulia siku zilizonyooka peke yake.

Ile ni ala. Vitabuni inaitwa hivyo, ala ya kisu. Mke wangu Rispa anaiita nyumba, na kwa kuwa kisu ni chake, sibishani naye.

Mimi nilikuwa seremala katika karakana ya kiwanda cha chai tangu nikiwa sina ndevu hadi siku waliponipa saa ya ukutani na kunipiga picha. Nilipanda huku kutoka upande wa ziwa nikitafuta kibarua cha kuchuma majani. Lakini vidole vyangu vilikuwa vizito. Nikifika kwenye mizani na kikapu changu, nyapara ananitazama kwa huruma. Wakanipeleka karakana nikabebe mbao. Huko ndiko nilikokutana na arap Koros, fundi mkuu, mzee wa Kipsigis aliyeongea kidogo na aliyechukia kelele ya nyundo isiyo na sababu. Siku hizo chai ilisafiri ndani ya masanduku ya mbao nyembamba na sisi ndio tuliokuwa tukiyafunga. Sasa inasafiri kwenye magunia ya karatasi, majani mengi yanachumwa na mashine, na ile karakana imekuwa stoo ya vipuri. Sisemi hivyo mnionee huruma. Nasema ili mjue kwamba miaka yangu yote kazi ilikuwa kukaza vitu. Sanduku likiwa na mwanya, chai inashika unyevu. Mpini ukilegea, jembe linaruka na kumpata mtu. Kaza, kaza, kaza. Mkono wangu ulijua neno hilo moja, na neno hilo moja ndilo lililokaribia kuninyang'anya mke.

Rispa mnamjua. Lakini nyinyi mmemjua juzi tu, akiwa tayari haoni. Mimi nilimkuta akikata sukuma nje ya nyumba za wafanyakazi, na kusema kweli mikono ndiyo niliyoipenda kwanza, uso nikauangalia baadaye. Anakunja majani, anayabana ndani ya ngumi, hana ubao wala nini, na kisu kinakimbia mbele ya vidole huku yeye anaongea na watu. Inatoka nyembamba kama uzi. Mtu aliyeshinda shambani amesimama tangu asubuhi hataki kufika nyumbani aanze kukata mboga, kwa hiyo walikuwa wakipanga laini mbele yake. Amewalisha watu wa shifti zote, na watoto wao, na sasa nyinyi.

Macho yalianza kuondoka kidogo kidogo. Kwanza akawa anagonga mlango kwa bega. Halafu akawa anamwaga chai nje ya kikombe na kukasirikia kikombe. Tulipofika hospitali, daktari alituambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Nikamwangalia Rispa. Akasema, "Basi twende nyumbani, mvua inakuja." Na kweli ilikuwa inakuja. Hapa kwetu alasiri ikifika, ni nadra mvua isifike.

Akaendelea kukata. Mimi moyo ulikuwa mkononi kila akishika kisu, lakini nilinyamaza, kwa sababu sijawahi kumwona akijikata wakati kisu kiko mkononi mwake. Hatari ilikuwa mahali pengine. Siku moja kisu kiliteleza kutoka mezani kikaingia ndani ya karai la vyombo, chini ya povu la sabuni. Rispa hakusikia kikianguka kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati. Akaingiza mkono kutafuta kikombe.

Sitaeleza damu. Alishonwa kiganja, akafungwa bendeji, na habari zikamfikia binti yetu Akinyi. Akinyi ana duka la dawa za mifugo kule Mulot, barabara ya kwenda Narok, na ni mtoto mwenye moyo mzuri na sauti ya mnada. Alifika kesho yake.

"Mama, aki si nilikuambia? Kisu na macho hayo!"

"Macho hayo ni ya nani?" Rispa akamuuliza. "Ya jirani?"

"Sichezi, Mama. Mwisho wa mwezi nakuja na pikapu. Visu vyote vya hii nyumba naviweka kwa katoni naenda navyo, na wewe pia tunaenda. Utakaa kwa sofa, usikize redio, upumzike. Umefanya kazi ya kutosha."

"Na baba yako?"

"Baba akitaka aje. Akikataa abaki na kuku."

Mnacheka? Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa anaogopa, na mtu akiogopea mama yake huwezi kumwambia nyamaza. Alipoondoka, Rispa hakugusa chakula mpaka kikapoa. Kisha akasema, "Baba Akinyi, mimi nikienda kukaa kwa sofa ya mtu, nitakufa nikiwa nimekaa."

Nikamwambia, "Huendi."

"Utamzuia na nini?"

"Nitakijengea kisu nyumba. Kisu kiwe mkononi mwako ama kiwe ndani ya nyumba yake. Mahali pa tatu hakuna. Si kwa meza, si kwa karai, si kwa dirisha. Akinyi akija, ataona."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kutengeneza ala hata moja.

Sasa sikilizeni jinsi ala inavyotengenezwa, maana hata nyinyi mna visu vimelala ndani ya droo na vijiko, na watoto wanaingiza mikono humo. Chukua vipande viwili vya mbao, virefu kuliko bapa la kisu. Laza kisu juu ya kimoja, ukizungushe kwa penseli. Kisha kwa patasi kali, kali ya kunyoa, chimba ndani ya ule mstari kwa kina cha unene wa kisu na zaidi kidogo. Usichimbe kwa hasira. Ondoa maganda membamba, ingiza kisu ujaribu, ondoa tena. Kipande cha pili ni kifuniko. Paka gundi ukingoni peke yake, na uipake nyembamba, kwa sababu ikifinyika ikaingia ndani, kisu chako kitalala humo milele. Funga vipande kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uuvute kweli kweli, uache kutwa nzima. Baadaye piga randa, zungusha kona, maliza na msasa. Kusema ni rahisi, ama?

Ya kwanza niliitengeneza kwa mbao ya blugamu, ule mkaratusi. Blugamu iko kila mahali hapa, ndiyo inayolisha boila za kiwanda, na nilikuwa na kipande kizuri nyuma ya nyumba. Nikachimba kisu kikaingia kwa kubana, ule ubanaji wa mpini na jembe. Nikaigeuza juu chini nikaitikisa. Kisu hakikusogea! Nikajipiga kifua. Nikamletea Rispa asubuhi, jua linawaka, akakivuta, akakirudisha, akatabasamu. Akasema, "Wee mzee, kumbe bado wewe ni fundi." Asubuhi hiyo nilitembea kama bwana harusi.

Alasiri mvua ikaja. Rispa alikuwa amekata kidogo, amerudisha kisu kikiwa na maji ya mboga, na mvua inarusha manyunyu mpaka hapo mezani. Mteja akaja. Rispa anavuta kisu, kimekataa. Anavuta tena. Mbao ilikuwa imekunywa maji ikavimba ikakishika. Mke wangu, na kiganja chake kilichoshonwa, anang'ang'ana na kisu ambacho kikitoka ghafla kitampata tumboni. Nilitoka mbio nikamnyang'anya. Niliipasua ala kwa patasi kesho yake, na hapo nikakuta jambo la pili. Kisu kilikuwa cheusi. Nilikisugua, nikampa Rispa kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja, na sukuma ikatoka na mistari. Mama mmoja wa hapo juu akaishika akaigeuza, akauliza, "Mama Akinyi, leo sukuma imepaka wanja inaenda harusi?"

Wote walicheka, na Rispa akacheka pia. Mimi nilirudi nyuma ya nyumba nikaketi juu ya gogo. Mtu aliyeishi na chai miaka yote hiyo anajua jinsi chai inavyochafua kikombe na kuacha weusi kwenye chuma. Blugamu nayo ina kitu kama hicho ndani yake. Ikilowa ikigusa chuma, chuma kinakuwa cheusi. Nilikuwa najua. Tulikuwa tukiona misumari inavyolia wino kwenye mbao za blugamu kila msimu wa mvua. Lakini nilikuwa na haraka ya kumshinda Akinyi, na haraka haichagui mbao.

Nikabadilisha nikachukua grevilea. Hii miti mnayoiona imepandwa kando ya chai. Mbao yake ni tulivu, haichafui chuma, na patasi inaipenda. Safari hii nikasema nisibane sana. Nikachimba kwa kulegeza. Ikapita mvua ya kwanza, kisu kikatoka vizuri. Nikaanza tena kujipiga kifua. Rispa akaichukua ala mkononi aipeleke getini, akainama kuokota kitambaa, na kisu kikateleza kikachomoka chenyewe, tii, kikasimama kwenye udongo karibu na kidole chake cha mguu.

Hakuruka. Alisimama tu, akauliza, "Kimeanguka wapi?"

Swali hilo lilinimaliza. Vijana, niliingia ndani ya nyumba nikashika kichwa. Ikibana, kinakwama. Ikilegea, kinaanguka. Mwisho wa mwezi unakaribia. Nilifikiria kumpigia Akinyi nimwambie aje amchukue mama yake. Simu nilikuwa nimeishika. Nikairudisha mfukoni. Nikajiambia, Oloo, hukushindwa na mbao ukiwa kijana mjinga, utashindwa nayo ukiwa mzee?

Nikaamua kufanya kitu ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo. Nikachukua leso ya Rispa, nikajifunga macho, nikaingia jikoni kwake.

Loo! Jiko ambalo naingia kila siku liligeuka msitu. Nilipiga kiuno kwenye meza. Nilitafuta chumvi nikashika sufuria ya moto. Rispa aliposikia nikilaani, alikuja akasimama mlangoni akacheka mpaka akaketi chini.

"Unatafuta nini na kishindo hicho, kama mtu anafukuza nyuki?"

"Natafuta kisu."

"Kisu hakitafutwi, Baba Akinyi. Kila kitu hapa kina mahali pake. Mimi sitafuti, naenda tu. Hiyo nyumba yako ya kisu leo iko hapa, kesho iko pale. Nitajuaje iko wapi?"

Nikatoa leso. Nikamuuliza, "Ungependa iweje?" Ndiyo, hapo ndipo nilipomuuliza kwa mara ya kwanza. Mmesikia? Nilikuwa nimechonga mbili bila kumuuliza mwenye kisu.

Akaketi vizuri akanijibu kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Alitaka ikae mahali pamoja. Alitaka mdomo wake uwe mpana, ncha ya kisu isihangaike kutafuta mlango. Alitaka kidole gumba kimwambie makali yako upande gani kabla hajavuta. "Na nataka nisikie kimefika," akasema. "Nyinyi mnaona kimefika. Mimi nataka nisikie."

Siku hiyo mvua ilinyesha, nikaketi mlangoni nikitazama, na arap Koros akanijia akilini. Alinijia na ule mlango wa choo.

Nilikuwa bado mgeni karakana. Nikapewa nitengeneze mlango wa choo cha manyapara, wakati wa kiangazi, Januari. Nikaufanya ukaingia kwenye fremu barabara kabisa, huwezi kupitisha hata karatasi. Nikamwita arap Koros auone. Akauangalia, akapitisha ukucha kwenye ukingo, akasema, "Mvua itapita wapi?" Nikamwambia mvua haitapita, ndiyo maana nimeukaza. Akaenda zake. Aprili ikafika, mvua ikanyesha wiki nzima, na nyapara wetu, mtu mnene mwenye makelele, akaingia chooni akafunga mlango. Kutoka ikawa shida. Tulimsikia akipiga mateke. Wachumaji waliacha majani wakaja kutazama. Ilibidi nije na mtarimbo mbele ya watu wote, na yeye ndani ananitukana mimi na ukoo wangu. Alipotoka, arap Koros aliniletea randa, akaiweka mkononi mwangu bila kunicheka. "Mbao hapa Kericho inakunywa kila siku," akasema. "Iachie nafasi ya kunywa. Mlango hausimami kwa kubanwa. Unasimamishwa na bawaba."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo nikiwa kijana, nikadhani ni la milango. Nikasimama hapo mlangoni. Ala haihitaji kukishika kisu! Nikiisimamisha wima, mpini juu, ncha chini, na nikaifunga mahali pamoja, uzito wa kisu wenyewe utakiweka. Hakuna kubana. Nitaiachia nafasi, mbao inywe inavyotaka.

Ya tatu niliifanya polepole. Grevilea iliyokauka vizuri, kutoka kwa kitanda cha zamani. Ndani niliacha nafasi pande zote. Mdomo nikaufungua kama faneli. Chini nikatoboa tundu maji yatoke. Ncha ya kisu haigusi chini. Kisu kinakaa kwa bega lake, pale mpini unapoanza, na bega likifika juu ya mbao linalia, tak. Nilirudia hapo kwa msasa mara nyingi mpaka ile tak ikawa safi. Upande wa mgongo wa kisu, kwenye mpini na kwenye ala, nilikata mikwaruzo ambayo kidole kinaisoma. Makali siku zote yanatazama nyuma, kule ala inakotundikwa. Ndani sikupaka kitu, nje nikapaka nta ya nyuki. Nyuma nikatoboa tundu la kuning'inizia, nikapiga skrubu moja jikoni na nyingine kwenye mguu wa meza ya getini. Akitaka kuihamisha, kuna kipande cha mpira wa tyubu kinachopita juu ya mpini na kushika kisu njiani.

Rispa aliigusa yote kwanza, juu mpaka chini. Akavuta. Akarudisha. Tak. Akavuta tena, akarudisha. Tak. Akafanya hivyo mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Sasa mwite huyo mtoto."

Sikumwita. Akinyi alikuja mwenyewe, mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, na pikapu, na katoni tupu ya dawa za minyoo chini ya kwapa. Hakutaka hata chai. Mama yake akamwambia, "Keti. Umekula?" Akinyi akasema hajala. "Basi huwezi kugombana na mimi njaa ikikuuma," Rispa akasema, akatoka akaenda shambani, akavunja majani kwa kupapasa, akarudi, akayaosha, akakaa mezani pale getini.

Na mvua ikaja. Vijana, mvua kubwa, yenye upepo. Ikapiga ile ala mpaka ikaloa, ikatiririka. Nilisimama chini ya mabati nimekunja mikono kwapani. Nikiwaambia niliomba, niliomba. Akinyi alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, tayari kumrukia.

Rispa akateremsha mkono. Kidole gumba kikapita kwenye mikwaruzo. Kisu kikatoka bila sauti, kama mkono unavyotoka mfukoni.

Akakunja majani, akabana, akakata. Anauliza habari za Mulot, kama ngano imetoka, kama ng'ombe za huko zimepona, na kisu kinakimbia, na sukuma inaanguka kwenye beseni, nyembamba vilevile. Mteja akija, tak, kisu kiko ndani, mikono inapima mboga. Mteja akienda, kisu kiko nje. Akinyi aliisogelea ala, akafuata kila tak kwa macho.

Mwishowe akasema, "Nipe nijaribu."

Akapewa. Akakata. Rispa akaingiza vidole ndani ya beseni, akatoa kile Akinyi alichokata, akakisugua kati ya vidole, akamrudishia. "Hii uwapelekee wale ng'ombe wako," akasema. "Watu hawawezi kutafuna."

Akinyi akacheka. Halafu nikaona kicheko kimegeuka, akamkumbatia mama yake kutoka nyuma, akaegemeza uso kwenye kitambaa cha kichwa. "Mama, mimi naogopa," akasema. "Nikiwa kule usiku nafikiria tu hiyo karai."

"Najua," Rispa akasema. "Lakini usiniogope mimi. Ogopa karai." Na akampapasa mkono na kile kiganja chenye kovu.

Shifti ikatoka. Watu wakajaa hapo mezani kama mnavyojaa nyinyi, na beseni halikutosha. Akinyi akatazama huku na huku, akachukua ile katoni ya dawa za minyoo, akaikung'uta, akatandika mfuko safi ndani yake, akaanza kupokea sukuma ya mama yake na kuwapimia watu. Ile sauti yake ya mnada siku hiyo ilifaa kitu. Jioni aliingia kwenye pikapu peke yake. Kwenye kiti cha pembeni aliweka katoni, imejaa sukuma iliyokatwa ya kupika wiki nzima, na mama yake alikuwa amesimama kwenye dirisha la gari.

Kwa hiyo mkinunua hapa, msishike kile kitu. Kitazameni tu. Na kama nyumbani kuna mtu ambaye mnataka kumnyang'anya kisu, ama jembe, ama sindano yake ya kushona, kwa sababu mnampenda na mnaogopa, kwanza mkae naye mumuulize angependa iweje. Kisha mchukue patasi. Mkiharibu ya kwanza, tengenezeni ya pili. Mkiharibu ya pili, miti ya grevilea bado iko.

Jioni ile, pikapu ilikuwa imeanza kutembea Rispa alipogonga bati lake kwa kiganja. Akinyi akasimamisha, akatoa kichwa nje.

"Nini, Mama?"

"Katoni yangu urudi nayo," Rispa akamwambia. "Nitaijaza tena."